Kurudi Mchezoni Ukubwani: Mwongozo kwa Wanaoukaribia Uzee na Waliokwisha Kuufikia

Maswali ambayo watu wazima huniuliza kuhusu mchezo hayabadiliki. Mstaafu hutaka kujua atazitumiaje saa za kati ya alasiri na magharibi, ambazo zamani zilimkuta njiani akitoka kazini. Mama ambaye watoto wake wote wamehama huuliza kama si aibu mwanamke wa miaka 55 kucheza rede uani pamoja na wajukuu. Mwingine husema kwamba ujanani alikuwa mcheshi, lakini siku hizi hata akicheka hucheka kwa adabu tu. Nimeona ni vyema niyajibu maswali haya mahali pamoja, kwa hatua ambazo mtu anaweza kuzifuata, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba furaha ya ukubwani hutengewa wakati, hutafutiwa wenza na kuwekewa chombo cha kuchezea. Anayekaa akingoja moyo umchangamke ndipo acheze atangoja sana. Kuridhika nako huja kwa njia hiyohiyo, kukifuata nyuma ya mchezo.

Nitagusia nadharia mara moja tu. Mtu mzima amefundishwa na maisha kwamba kila tendo lazima lilete kitu, uwe mshahara, mavuno au ada ya shule. Kazi hukoma, lakini mazoea hayo hayakomi pamoja nayo. Nchini Tanzania mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na hulazimika kustaafu akifikisha 60. Nchini Kenya pia umri wa lazima kwa watumishi wengi wa umma ni 60. Wengi hufika hapo wakiwa na nguvu zao, na kwa kuogopa siku zisizo na kazi hukimbilia kukitia kiinua mgongo katika mradi wowote ulio karibu, si kwa sababu wanaupenda mradi huo, ila kwa sababu hawajui kukaa bila kuzalisha. Mwongozo huu unakusudia kukurudishia saa chache za wiki ambazo hazitadaiwa chochote.

Mambo ya kuandaa kabla ya kuanza

Hakuna kitu cha gharama katika orodha hii. Kama hukipati kimojawapo, soma hatua husika kwanza, kwani mara nyingi kuna cha kukibadilisha.

• Siku tatu katika wiki, na katika kila siku muda wa saa moja au saa moja na nusu usioingiliana na ibada, dawa wala shughuli ya kumlea mtu.

• Mwenza mmoja wa rika lako na mwingine aliye mdogo kwako sana, hata akiwa mtoto wa jirani.

• Chombo kimoja cha mchezo: ubao wa bao, karata, dhumna, drafti au mpira wa matambara. Kimoja kinatosha.

• Mahali penye kivuli na hewa, pa kukaa kwa kuegemea. Baraza ya nyumba inafaa, na mkeka chini ya mwembe unafaa pia kwa yule ambaye magoti yake bado yanamruhusu kuinuka kutoka chini.

• Ushauri wa daktari, ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, kizunguzungu, au umewahi kuanguka bila kujua sababu. Ushauri huo ni kwa ajili ya michezo ya mwili. Bao na karata havihitaji cheti.

Hatua kwa hatua

1. Orodhesha michezo uliyoicheza utotoni.

Chukua karatasi, uandike kila mchezo unaoukumbuka kabla hujafikisha miaka kumi na mitano. Usiichuje orodha mapema. Aliyekulia Tanga au Dar es Salaam ataandika kombolela, rede, mdako, nage, ukuti na kuruka kamba. Aliyekulia Nairobi ataandika kati na bladha. Aliyekulia Unguja ataongeza keramu na karata za wahedi wa sitini alizozitazama juu ya mabega ya wakubwa. Ukimaliza, weka alama kwenye mchezo ambao uliendelea kuupenda hata ulipofungwa. Huo ndio wa kuanza nao, kwa sababu mchezo ulioupenda kwa ajili ya ushindi peke yake utakuchosha mara utakapokutana na wanaokushinda, na ukubwani utakutana nao.

Kosa la kawaida hapa ni kuuacha mchezo ulio na alama na kuchagua ule unaoonekana una heshima zaidi. Kama moyo wako ulikuwa kwenye mdako, anza na mdako.

2. Waeleze watu wa nyumbani.

Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayowaangusha. Mume anayeanza kutoka kila jioni bila maelezo huzua maswali, na mama anayecheka uani na watoto wa watu ilhali mkwe wake anapika jikoni huonekana ameikimbia kazi. Sema waziwazi: siku fulani na fulani, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, nitakuwa nikicheza bao kwa jirani, na kabla ya hapo nitakuwa nimekwisha kufanya hili na lile. Mtu akiuliza unacheza ili upate nini, mjibu kwamba unacheza tu. Jibu hilo litamshangaza mara ya kwanza, kisha atalizoea.

3. Utenge wakati na uulinde.

Jioni, jua likishaanza kulegea, ndio wakati uliozoeleka katika miji ya pwani, na una faida zake: joto limepungua, kazi za mchana zimekwisha, na adhana ya magharibi huwatenganisha wachezaji bila mtu kulazimika kusema ninaondoka. Ukiishi mahali pasipo na kikomo cha namna hiyo, jiwekee chako. Mchezo usio na mwisho unaojulikana huwa chanzo cha ugomvi nyumbani.

Usianze na siku saba za wiki. Mtu aliyekaa miaka mingi bila kucheza hujitupa kwa pupa, akatoka kila siku kwa wiki mbili, kisha akachoka na kusema kwamba mambo haya si ya umri wake. Siku tatu huacha hamu.

4. Anza na mchezo wa kukaa.

Nitakaa zaidi kwenye hatua hii kuliko nyingine zote, na nitatumia bao kama mfano, kwa kuwa ndio mchezo ambao ubora wa mchezaji huweza kuendelea kukua hata nywele zikiwa nyeupe. Mwalimu Nyerere, aliyeachia urais mwaka 1985 na kurudi Butiama, alijulikana kwa kulipenda bao, na katika vibaraza vya Mji Mkongwe na Lamu utawakuta wazee ambao vijana hawathubutu kuwakabili.

Ubao wa bao una mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne za mashimo manane manane, na kete zake ni 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mkomwe. Kama huna ubao, chimba vishimo vifupi ardhini na utumie kokoto au mbegu zozote zinazolingana. Safu mbili zilizo upande wako ni zako, na mbili za mbele ni za mwenzako.

Bao kamili la Kiswahili huanza na kete 10 tu ubaoni kwa kila mchezaji, 6 zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo maalumu la safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata, huku kete 22 zikibaki mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Nakushauri usianze na hilo, kwani sheria za nyumba na za kunamua humchanganya mgeni hata akaukimbia ubao. Anza na bao la kujifunza. Kila shimo litie kete mbili, na mchezo uanzie moja kwa moja kwenye mtaji, yaani sehemu ya mchezo ambapo kete zote zimo ubaoni, hivi:

Chota kete zote za shimo lako lolote lenye kete mbili au zaidi, uzisambaze moja moja kwenye mashimo yanayofuata, kuelekea upande uliouchagua, ukizunguka ndani ya safu zako mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu yako ya mbele ambalo tayari lina kete, na shimo la mwenzako linalolikabili nalo likawa na kete, umekula: unazichukua zile za mwenzako na kuzisambaza upande wako kuanzia kichwani, yaani kwenye shimo la mwisho la safu ya mbele. Ukiwa umekulia katika mojawapo ya mashimo mawili ya mwisho ya upande wowote, utaanzia kichwa cha upande huohuo. Ukiwa umekulia katikati, utaanzia kichwa kitakachokuwezesha kuendelea na mwelekeo uliokuwa nao. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, unachota zote zilizomo na kuendelea kusambaza. Ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu ni ya mwenzako. Palipo na nafasi ya kula ni lazima ule. Pasipokuwapo unatakata, yaani unasambaza kete zako tu, na katika zamu ya kutakata hutakula chochote. Aliyebaki bila kete katika safu yake ya mbele ameshindwa, na vivyo hivyo aliyebakiwa na kete moja moja tu ambazo hawezi kuzichezesha.

Soma aya hiyo ukiwa mbele ya ubao, kete zikiwa mkononi. Ukiisoma kitandani itakuwa ngumu bure.

Mara za kwanza cheza polepole na uhesabu kwa sauti. Kisha nenda ukawatazame wanaojua. Tazama kiganja cha mzee aliyezoea: hazitupi kete wala haziweki, anaziachia kwa kidole gumba moja baada ya nyingine huku macho yake yakiwa yamekwisha kufika mbele, kwenye shimo ambalo kete ya mwisho italala, na wewe ukiwa bado unahesabu ya tatu. Ukikaa pembeni ya wachezaji wa namna hiyo, salimia, subiri, na usimwelekeze mtu kete akiwa kwenye zamu yake pasipo kuombwa.

Kwa wanawake nina neno. Vibaraza vingi vya bao vimekuwa vya wanaume kwa desturi, lakini ubao hauna desturi hiyo. Wekeni wenu uani au sebuleni, mualike jirani na mabinti, na mcheze. Hakuna kanuni ya mchezo inayomtaka mchezaji awe amekaa barazani.

Asiyependa bao ana mengi ya kuchagua. Dhumna lina vipande 28, na wachezaji wanne hugawana saba saba; linawafaa wapendao kelele, kwa kuwa kipande kinachofunga mchezo hupigwa mezani kwa nguvu, na kishindo chake ni sehemu ya raha. Drafti inahitaji kibao chenye miraba na vizibo vya soda, vingine vimefunua mgongo na vingine tumbo. Karata zinabebeka mfukoni. Keramu inataka poda kidogo juu ya ubao, macho makali na uvumilivu.

Onyo: usicheze kwa fedha, hata kidogo, hata kwa kisingizio cha kuchangia kahawa. Mchezo ukishawekewa dau, anayefungwa huenda nyumbani na hasira ya kweli, na anayeshinda hulazimika kurudi kesho ili asiitwe mwoga. Kahawa inunuliwe kwa zamu, asinunue aliyeshindwa.

Onyo la pili linahusu mwili. Michezo hii hukalisha mtu muda mrefu bila kujua. Kila bao likiisha, inuka, nyoosha magoti, tembea hadi ukutani na kurudi. Mwenye kisukari aache kashata na halua, anywe kahawa chungu peke yake, na asiyelala vizuri usiku aibadilishe kahawa ya saa kumi na mbili jioni kwa maji.

5. Upe mwili mchezo wake.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye shughuli za mwili za wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na waliofikisha miaka 65 waongeze mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili siku tatu au zaidi katika wiki. Wengi wakisikia hivyo hufikiria kukimbia barabarani na viatu vipya. Mchezo wa kawaida unaweza kuichukua sehemu kubwa ya dakika hizo bila mtu kuziona.

Chukua rede. Mmoja yuko katikati akijaribu kujaza mchanga kwenye chupa, na wawili wako pande mbili wakirushiana mpira wamlenge. Kwa mtu wa miaka 60, tumia mpira laini wa soksi zilizosokotwa, warushaji wasimame karibu, na walenge chini ya kiuno. Aliye katikati si lazima aruke. Kupinda kiuno, kupiga hatua pembeni na kuinama kuchota mchanga vinatosha kumtoa jasho. Mdako nao hufanywa na vidole na macho: unarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka unavuta kokoto kutoka kishimoni, kisha unalidaka; mara ya pili unarusha tena na kuzirudisha, ukiacha moja nje. Vidole vilivyokakamaa asubuhi hulegea vikifanya kazi hiyo.

Wapenda ngoma wacheze ngoma. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwezi Aprili mwaka 2013, aliendelea kuimba na kupiga ngoma mbele ya watu katika umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshapewa kiti cha pembeni. Huhitaji sauti yake. Unahitaji chumba chenye nafasi na wimbo unaokuinua.

Kabla ya kuanza, kagua sakafu. Saruji iliyomwagikiwa maji, mkeka uliokunjika pembeni na ndara zilizolegea huwaangusha watu wazima kuliko mchezo wenyewe. Ukihisi maumivu ya kifua, pumzi kukatika au kizunguzungu, acha hapo hapo, kaa, na umtafute daktari. Usisubiri zamu yako iishe.

6. Rudisha utani na vitendawili.

Mchezo wa maneno hauhitaji chombo wala magoti, na unamfaa hata aliye kitandani. Mila zetu zilimwekea mzee nafasi yake katika jambo hili muda mrefu kabla yetu. Babu huwaita wajukuu wake wa kike wake zake na kuwadai chai. Bibi huwauliza wajukuu wa kiume kama wamekwisha kumjengea nyumba, na mjukuu hujibu kwamba atamwoa siku atakapoota meno mapya. Mabinamu hutaniana, mashemeji hutaniana, na kuna makabila yaliyo watani, kama Wazaramo na Wanyamwezi, ambao wanaweza kuchekana hata msibani bila mtu kukasirika. Ukiwa umeiacha nafasi hiyo kwa sababu ya cheo au uchovu, irudie.

Mipaka yake unaijua, lakini ni vyema kuikumbusha: mkwe hataniwi, maradhi ya mtu hayataniwi, wala utasa, deni na talaka. Utani unaomwacha mtu akitabasamu kwa mdomo huku macho yakitazama chini umevuka mpaka, na anayepaswa kuomba radhi ni mtani.

Kwa vitendawili, anza na viwili vitatu unavyovikumbuka. “Kitendawili!” Watoto wajibu: “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Wakishindwa kutaja yai, dai mji. Hapo usifanye haraka. Wakikupa Mombasa au Kigoma, safiri kweli: waeleze ulivyopokewa, ulichokula, nani ulimkuta na alikutuma nini, kisha ndipo utoe jibu. Sehemu hiyo ya kwenda mjini ndiyo mchezo wenyewe kwa mtu mzima, na ndiyo ambayo wengi wameiacha. Aliye Muscat au Toronto, na wajukuu wake wako Tanga, anaweza kufanya hivi kwa simu, sauti inatosha.

7. Jizoeze kufungwa.

Mtu aliyekuwa mkuu wa idara, mwalimu mkuu au fundi anayeheshimiwa hupata taabu kubwa anapofungwa drafti na kijana muuza maji. Taabu hiyo itakuja, kwa hiyo jiandae. Ukifungwa, mtaje aliyekufunga kwa jina, mwambie ni hatua gani iliyokushinda, na umwombe akuonyeshe. Fanya hivyo kila mara. Baada ya muda utaona kwamba unauliza kwa sababu unataka kujua, na wakati huo mchezo utakuwa umekuingia.

Wenzetu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wana jambo la kufunza hapa. Katika Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya inayofanyika mwezi Julai, wanaume wazima hupigana kwa migomba mbele ya mji mzima, huku wanawake wakiimba wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Vinyongo vya mwaka hutolewa pale uwanjani, na vita vikiisha watu hula pamoja. Aliyepigwa harudi nyumbani na kesi.

8. Taja kile kinachokutosha.

Hatua hii ni ya mwisho kwa sababu haifanikiwi peke yake. Mtu akikaa kitako na kujiambia aridhike, hubaki akihesabu anavyovikosa. Lakini ukishakuwa na jioni tatu ambazo unazingojea kwa hamu, utagundua kwamba baadhi ya vitu ulivyokuwa ukivikimbilia havikuiti tena kwa sauti ileile. Wakati huo, chagua kimoja na ukitaje mbele ya watu wa nyumbani.

Kiwe kitu halisi. Nyumba ya vyumba vitatu imetosha, na fedha ya kumwaga zege la juu haitatafutwa. Vitenge vilivyo kabatini vimetosha. Kuanzia sasa nitachangia harusi za ndugu, lakini sitashona sare mpya kwa kila harusi. Shamba la ekari mbili limetosha. Neno hilo likishatamkwa lina kazi mbili: familia huacha kukusukuma, na wewe mwenyewe huona aibu kidogo kulivunja. Usitaje vitu vitano kwa mpigo. Kimoja kwa mwaka kinatosha, na kisiwe kile ambacho wengine wanakihitaji kutoka kwako. Mtu hawezi kuridhika kwa niaba ya mtoto ambaye ada yake haijalipwa.

Makosa yanayorudiwa mara kwa mara

Kosa kubwa kuliko yote ni kuugeuza mchezo kuwa mradi. Huanza kwa nia njema: watu sita wanakutana kila Jumatano, mmoja anapendekeza upatu, mwingine anasema tuandikishe kikundi tupate mkopo, na ndani ya miezi michache watu wanakuja na daftari na kuondoka na madeni. Upatu ni jambo jema, nami sina ugomvi nao, lakini uwekewe siku yake na mahali pake. Jumatano ya bao ibaki ya bao.

Kosa la pili ni kuichukua simu kama mwenza. Mchezo wa kwenye simu hauna ubaya kwa aliye safarini, lakini hauna mtu wa kukucheka, na hautakuuliza kwa nini jana hukuja.

La tatu ni kucheza na wenye umri wako pekee. Baraza ya wazee watupu huishia kwenye maradhi, mazishi na siasa za zamani. Mwingize kijana mmoja, mazungumzo yatabadilika.

Yakikwama

Naona aibu, watu wananitazama. Cheza uani kwa mwezi wa kwanza, na watoto tu. Watoto hawakushangai, wao wanashangaa unapokataa. Ukishazoea, toka barazani. Watakaocheka watacheka siku mbili, na wa tatu ataomba zamu.

Sina mwenza, rika langu wamekufa au wamehama. Beba ubao, ukae nao mahali wanapopita watu, na ujichezee peke yako pande zote mbili. Ubao ulio wazi huvuta watu. Pia uliza msikitini, kanisani au kwa muuza kahawa wa mtaa. Yeye anamjua kila anayecheza.

Nasahau sheria au zamu. Rudi kwenye bao la kujifunza au kwenye karata nyepesi, na umwombe mwenzako ahesabu kwa sauti. Ikiwa kusahau kumeanza ghafla, au unasahau pia njia ya nyumbani na majina ya watoto, nenda hospitali ukaelezwe.

Nacheza lakini sioni raha yoyote. Kwanza badilisha mchezo, huenda ulichagua wa heshima badala ya ule uliouwekea alama. Ukishabadilisha na wiki kadhaa zikapita, na ukaona pia hulali, huli, na hakuna kinachokufurahisha hata kuonana na wajukuu, hilo si suala la mchezo tena. Sonona huwapata wazee na hutibika; mweleze daktari kama ungemweleza maumivu ya mguu.

Niko kwenye eda au msiba, na watu wataniona sina huzuni. Hishimu muda ambao dini na mila yako vimeuweka. Ukiisha, anza na vitendawili na wajukuu, ndani, kwa sauti ndogo. Michezo ya nje itafuata.

Mume au mke wangu hapendi. Mwalike acheze, mara moja tu, na umchagulie mchezo anaoujua kuliko wewe. Akikataa, mpe naye saa zake ambazo hutamwingilia, na usizidishe siku tatu mlizokubaliana.

Magoti hayaniruhusu kukaa chini. Weka ubao juu ya stuli, na nyinyi wawili mkae kwenye viti vya urefu mmoja. Kama stuli inatikisika, ikunjieni karatasi mguuni kabla ya kuanza, kwa maana kete zikihama shimo katikati ya mtaji hakuna atakayekumbuka zilikuwa ngapi.